Upo na Nipo: Majina ya Madaraja Yetu Mawili

Siku mliponiaga pale kambini Kahama, vijana wa barabara, mmoja wenu aliuliza kwa nini daraja langu linaitwa Nipo. Mkacheka, nami nikacheka, nikasema ni habari ndefu, nitaiandika. Sasa nimekaa nyumbani Ushirombo, kazi imekwisha, na naona kuandika ni kugumu kuliko nilivyodhani. Shule yangu ni ya misheni, tena niliiacha kabla sijamaliza kitabu cha pili. Mkiona mahali maneno yamepinda, yanyoosheni wenyewe. Mkiona mahali nimemwonea mtu, niambieni, kwa sababu hilo silitaki kabisa.

Niliingia kazi ya barabara vita vya Mjerumani vikiwa bado midomoni mwa watu. Kwanza nilichimba mitaro, halafu nikapewa mto. Ndivyo tulivyosema zamani, mtu anapewa mto, kana kwamba ni mali yake. Mto wenyewe uko njia ya Kahama kwenda Kharumwa. Kiangazi ni mchanga na vidimbwi, masika unashuka kwa hasira kuelekea kaskazini, umebeba miti mizima na mizizi yake. Wakati ule ulikuwa na daraja moja la mbao na walinzi wawili, kila mmoja ng'ambo yake. Mlinzi wa upande wa Kharumwa alikuwa amekufa. Ndiye niliyemrithi.

Alikuwa amefia kibandani kwa homa, na hakuna aliyejua mpaka wapita njia waliposikia harufu. Mwenzake wa ng'ambo alidhani amekwenda kufuata unga. Huyo mwenzake ndiye Mzee Salum. Alikuwa mtu wa Kahama mjini, baba yake alikuja na misafara kutoka pwani, akachoka kutembea, akaoa hapo hapo. Siku niliyofika nilimkuta amesimama katikati ya daraja, nyundo mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeletwa?"

"Ndiyo mimi. Naitwa Yohana."

"Msumbwa?"

"Msumbwa wa Ushirombo."

"Ala! Nimeomba mtu, nimeletewa mtani." Akanipa nyundo. "Haya, gonga hapo."

Nikagonga mbao aliyonionyesha. Ikalia vizuri, ngo. Akanisogeza hatua chache, akasema gonga tena. Ikatoa sauti ya chini, kama mtu aliyeulizwa neno naye hataki kusema.

"Umesikia? Mbao nzima inakujibu. Iliyooza inanyamaza. Kazi yote ya daraja ni hiyo, mengine ni kufagia."

Si kweli kwamba mengine ni kufagia. Kuna kukaza bolti kwa spana kila baada ya malori kupita, kuna kupaka lami kabla mchwa hawajapanda, kuna kuondoa magogo yaliyokwama kwenye nguzo maji yakiwa bado yanakuja, na kubwa zaidi, kufyeka majani pande zote kabla ya moto wa kiangazi. Daraja la mbao haliogopi maji kama linavyoogopa moto. Lakini nimewafundisha vijana wengi, na kila mara nilianza na nyundo, kwa sababu ndivyo nilivyoanzishwa.

Siku ile ile akaniambia neno la pili. Alilisema bila utani.

"Yule mwenzako aliyekufa alinitia aibu. Mtu anakufa kiasi cha kurusha jiwe kutoka kwangu, nami napika. Kuanzia kesho, kila asubuhi nikimaliza kuswali nitauliza: Upo? Wewe utajibu: Nipo. Usipojibu, navuka. Na nikivuka nikakuta umelala tu, nakutupa mtoni."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi sauti yake ilikuja juu ya matete: "Msumbwa, upo?" Nami: "Nipo, mtu wa pwani usiyeijua bahari!" Kwa maana hakuwahi kuiona bahari hata siku moja, na hilo lilimuuma. Naye angejibu kwamba sisi Wasumbwa tulibeba pembe za ndovu za babu zake mpaka pwani tukarudi na shanga, tukadhani tumewapunja. Baada ya hapo kila mtu alishika kazi yake, na siku nyingine hatukusemeshana tena mpaka kesho yake.

Mtaniuliza mbona tulikuwa wapweke hivyo, barabara kubwa kama ile. Mnaijua ikiwa na watu. Miaka ile serikali ilikuwa inahamisha watu kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Kijiji kilichokuwa karibu nami kilihamishwa chote, na mbuzi na milango ya nyumba. Naisifu kwamba ugonjwa ulipungua, hilo nililiona. Lakini jogoo waliokuwa wakiwika upande ule walinyamaza, na pori likarudi mpaka kwenye mashina ya migomba. Lori likipita lilipita mbio, madirisha yamefungwa wasiingie mbung'o. Nilijifunza kusema na sufuria.

Baadaye dhahabu ya Geita ikaanza kutafutwa kwa mashine. Mashine zile zilikuja kwa reli, zikapakiwa kwenye malori makubwa, na daraja letu likawa linalia kila lori linapopita. Wakajenga la pili, pembeni kabisa ya lile la zamani, kwa mbao nene na bolti ndefu kama mkono. Hapo mto mmoja ukawa na madaraja mawili yaliyolala sambamba. Yaendayo Geita yakapita la zamani, maana mengi yalikwenda matupu au na watu. Mashine nzito zilipita jipya, na yarudiyo yote yalipita jipya. Mzee Salum akabaki mlinzi wa la zamani, mimi nikapewa jipya. Sikulitaka zaidi ya mwingine, niliwekwa tu.

Shida ikaanzia kwenye jina, maana majina hayakuwapo. Kwenye makaratasi ya ofisi iliandikwa daraja la mto fulani, basi. Mzee Salum aliomba mbao mpya kwa ajili ya daraja lake lililochoka. Zikaja. Genge lililozileta lilitokea upande wa Kharumwa, likafuata njia ya malori yarudiyo, likaingia jipya kwanza, likang'oa mbao nzima na kupigilia mbao mpya juu yake. Nilipiga kelele. Nyapara wao alinionyesha karatasi, akasema, "Hapa pameandikwa daraja. Hili si daraja?" Lilikuwa daraja.

Mzee Salum alikuja kutazama, mikono nyuma.

"Wamemvisha shati mwenye shati," akasema, akarudi kwake.

Bwana Barabara, mkubwa wetu, alipopita kukagua tulimweleza. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye macho mekundu ya vumbi, mkali lakini hakuwa mtu mbaya. Hakutupiga wala hakututukana, na mwaka nilipougua alinichukua mwenyewe kwenye gari lake. Alisema Kiswahili chake:

"Mimi nataka jina mbili. Daraja hii jina yake, daraja ile jina yake. Mvua kwisha, mimi rudi. Kama hapana jina mbili, mimi taandika daraja moja, mlinzi moja. Mwingine kwenda tengeneza barabara Shinyanga."

Akaondoka. Tukabaki tunatazamana. Nadhani lililokuwa moyoni lilikuwa moja. Mmoja wetu akienda Shinyanga, yule atakayebaki hatakuwa na wa kumuuliza asubuhi. Mimi nilijua kibanda changu kilivyokuwa kabla sijakiingia. Niliusugua udongo wake mwenyewe.

Karani wa Bwana Barabara alikuwa ametuachia wazo: yaiteni Kulwa na Doto, kama mapacha, rahisi. Na mimi niliona rahisi. Tukaamua kuwauliza wapitao, ili jina lisije likawa letu peke yetu. Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja Msukuma wa makamo, amebeba chumvi, anakwenda kwa mwanawe.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, wanangu."

Nikamweleza. Akatua mzigo.

"Kulwa na Doto? Mnataka kuzaa mabasa mtoni?" Mabasa ni mapacha kwa Kisukuma. "Mapacha wana mambo yao. Wanachezewa ngoma, wanaimbiwa matusi, wazazi wanaogeshwa dawa. Yote hayo yamefanyika hapa?"

"Hayajafanyika, mama."

"Na baba yao nani, nimdai mbuzi?"

Mzee Salum akanionyesha kwa kidole upesi sana. "Huyu hapa. Angalia na sura, wamefanana."

Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akatazama madaraja, akasema taratibu, "Tena hawakuzaliwa siku moja. Huyu ni mzee, yule ni mtoto. Msiwadanganyie umri." Akajitwika chumvi yake. Alipofika katikati ya daraja alianza kuimba wimbo mmoja wa mapacha, wa matusi matupu, na Mzee Salum akaziba masikio kwa heshima ya Ijumaa. Lakini sikuona mtu mwingine aliyetuchekesha hivyo mwaka ule.

Basi Kulwa na Doto yakafa. Mimi nikaja na langu. Kwa Kisukuma, kaskazini ni sukuma, na kusini ni dakama. Daraja jipya liko upande wa kaskazini, la zamani kusini. Ni maneno ya nchi yenyewe, hayamsifu mtu, hayamdai mtu mbuzi. Mzee Salum alikuna kidevu.

"Dakama sawa. Lile jingine sina hakika nalo."

"Una wasiwasi gani?"

"Siujui. Andika, tutaona."

Nikatafuta vibao viwili, nikaandika kwa lami. Vilikuwa vifupi, neno "daraja" halikuenea, kwa hiyo kwangu niliandika SUKUMA tu, herufi kubwa, nikakipigilia mwanzo wa daraja. Nilisimama mbali kukitazama. Nakiri nilijisikia vizuri.

Lori la kwanza kurudi kutoka Geita lilikuwa la dereva Abdala, mtu wa Tabora, mnene, mpenda kuimba. Lilikuwa limejaa watu na magunia. Likafika kwenye kibao, likapunguza mwendo, na utingo wake, aliyejua kusoma naye alitaka kila mtu ajue, akaruka chini akapaza sauti: "Shukeni! Shukeni nyote! Imeandikwa tusukume!"

Wakashuka. Wanawake, wazee, mtu mmoja amebeba kuku. Wote wakaegemea nyuma ya lori, wakaanza kulisukuma lori lililokuwa linakwenda lenyewe. Nilikimbia nikipunga mikono. Abdala akatoa kichwa nje.

"Nani anasukuma gari langu? Nimewaambia limekufa?"

"Sheria mpya, dereva!" utingo akajibu kutoka chini, anahema. "Imebandikwa!"

"Ni kaskazini!" nikapiga kelele. "Sukuma maana yake kaskazini!"

"Tulisukume kwenda kaskazini?" akauliza yule wa kuku. "Si tunakwenda Kahama?"

Ng'ambo Mzee Salum alikuwa amekaa chini kwa kucheka, kanzu usoni. Walilisukuma mpaka mwisho. Abdala aliposhuka alikiangalia kibao, akaniangalia mimi, akasema, "Baba, kwenye mlima ungekiweka ningekushukuru." Nikaking'oa jioni ile. Nikakitumia kufunikia mtungi.

Mvua zikakatika bila jina. Bwana Barabara akarudi na karani wake, akasimama kati ya madaraja, akauliza. Nikasema tumejaribu. Akauliza tena, jina liko wapi? Mzee Salum akatazama chini. Bwana akamwambia karani aandike, daraja moja, mlinzi mmoja. Nakumbuka nilimtazama Mzee Salum kama mtu anayetazama kitu ili akikumbuke.

Abdala alikuwa amelala hapo na lori lake tangu jana yake, bolti ya gurudumu imekatika. Alikuwa anapiga mswaki pembeni. Karani, nadhani kwa huruma, akamgeukia.

"Wewe dereva, ninyi huwa mnayaitaje haya?"

Abdala akatema povu. "Sisi? Kwenda tunapita Upo, kurudi tunapita Nipo."

"Nini?"

"Si hawa wazee. Anayelala hapa haamshwi na jogoo. Huyu anaanza, 'Upo?' Yule anaitikia, 'Nipo!' Madereva wote wanajua. Ukisema umekwama Nipo, mwenzako anajua akufuate wapi."

Karani akamtafsiria Bwana. Bwana akayasema mwenyewe, polepole, kama anayaonja: Upo. Nipo. Akasema ni mafupi, yanaenea kwenye kibao. Yakaandikwa. Mzee Salum alisubiri gari lao litoweke, kisha akanipiga bega kwa nguvu mpaka nikayumba. "Msumbwa," akasema, "kumbe tulikuwa tunajenga jina kwa koo, hatujui."

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka mzuri. Vibao vililetwa vya rangi nyeupe, mbao ya mninga. Kila asubuhi nilipoitikia nilihisi kama nasaini kazi yangu.

Sasa nifike pagumu. Zamani madaraja yetu yalipokuwa kitu kimoja karatasini, ubovu wa moja ulifunikwa na uzima wa jingine. Mkaguzi aliandika: daraja la mto, hali ya kuridhisha. Yalipopata majina, kila moja likaandikwa peke yake. Nipo, zima. Upo, nguzo mbovu. Na daraja lenye nguzo mbovu, lenye jina lake, linaweza kufungwa kwa jina lake.

Likafungwa. Sijui kama majina ndiyo yaliyosababisha. Nimewaza mara nyingi, na sina hakika. Huenda lingefungwa tu, au lingeua watu kwanza. Nitasema haki: lilikuwa bovu. Nilishuka mwenyewe mtoni na nyundo nikaigonga nguzo ya katikati. Ilinyamaza. Nikapanda nikamkuta Mzee Salum amesimama ukingoni.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Mimi nimesikia siku nyingi. Nilikuwa naigonga pembeni, pale nilipojua itanijibu." Akafuta nyundo yake kwa kanzu. "Usimlaumu Mzungu. Ningekuwa yeye ningelifunga mapema."

Walimwambia aende barabara ya Shinyanga. Akasema amezeeka, anarudi Kahama kwa dada yake, mtaa wa Nyasubi. Abdala ndiye aliyembeba. Alipakia kijisanduku, sufuria na mkeka wa kuswalia, akapanda mbele. Lori likaondoka, likayapita magogo yaliyoziba daraja lake. Kabla halijapotea akatoa kichwa.

"Msumbwa, upo?"

"Nipo."

"Haya. Endelea kuwapo."

Asubuhi ya kwanza niliamka kabla ya jua nikakaa mlangoni. Jua likapanda. Nilikuwa nasubiri, nikijua hakuna cha kusubiri. Mwishowe nikasema "Nipo" kwa sauti ya kawaida, kwa sababu koo lilikuwa limezoea, nikachukua spana. Baadaye genge likaja kulivunja Upo, wakachukua mbao nzima, wakaacha visiki vya nguzo majini ambako korongo hutua. Kibao chake nilikiomba nikakifanya kiti. Msidhani ni kwa heshima, mninga ni mbao nzuri tu. Nikakaa juu yake miaka yote iliyobaki. Niliomba mwenzangu wa ng'ambo, wakasema daraja moja, mlinzi mmoja. Walikuwa na hoja.

Kwa hiyo ndiyo maana mnaona daraja linaloitwa Nipo na hakuna aliyeliuliza kitu.

Kuna jambo moja la mwisho. Nilipotoka kwenu siku ile ya kuniaga, nilipitia Nyasubi kabla ya kushika njia ya Ushirombo. Niliuliza kwa dada yake Salum, nikaonyeshwa uzio wa mabua nyuma ya soko. Nilitaka kupiga hodi, kama mtu mwenye adabu. Nikajikuta nimesema, "Upo?" Miaka yote ile yeye ndiye aliyeamka mapema, mimi niliitikia tu. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza mimi.

Akatoka mama mmoja, ana unga mikononi.

"Shikamoo, baba. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Namtafuta Mzee Salum, aliyekuwa barabarani."

"Mjomba tulimzika masika iliyopita. Karibu ndani."

Nikampa pole. Akaniwekea kigoda, akaleta maji. Akasema mjomba hakuumwa sana, alichoka tu. Akasema alikuwa na tabia moja, kila lori la kutoka Geita likisimama sokoni alijikokota akamshika dereva mkono, akauliza, "Nipo lipo?" Dereva akisema lipo, alirudi nyumbani akala vizuri.

"Ulifanya naye kazi?" akaniuliza. "Sikukuuliza jina, samahani."

Nilianza kusema Yohana. Halafu nikaona jina hilo hapa halina maana.

"Mimi ndiye Nipo," nikasema.

Alinitazama, mikono yake ya unga hewani.

"Kumbe ni mtu," akasema. "Sisi tulidhani ni daraja."